Sarafu Yenye L Iliyopinduliwa

Sarafu yangu ya Kirumi ni ndogo kuliko kifungo cha koti. Nilipewa na padre mzee aliyetufundisha ukatekista huko Makoko, siku alipotuaga kurudi kwao. Upande mmoja kuna kichwa cha Kaisari. Upande wa pili amesimama askari, na chini ya miguu yake kuna herufi. Padre alinieleza: zile za mwanzo ni mji ilikogongwa, ya mwisho ni karakana. Yangu ilitoka karakana ya tatu. Mji ule ulihesabu kwa Kigiriki, na Wagiriki waliandika tatu kwa herufi inayofanana na L iliyopinduliwa kichwa chini.

Kwa miaka mingi nimeipitisha mikononi mwa wanaojiandaa kubatizwa, ninapofundisha habari ya Yesu na sarafu ya kodi. Hakuna aliyeumwa hata kidole.

Mwaka huu mwenyekiti wetu wa jumuiya, mfugaji aliyehamia Kigera kutoka Bunda, aliitazama darasani akairudisha haraka, kama mtu aliyeshika kaa la moto. Alasiri akaja nyumbani.

“Mwalimu, herufi iliyopinduliwa ni kazi ya wachawi. Itupe ziwani. Usipoitupa, darasa tutampa mwingine.”

“Sitaitupa.”

“Unabishana na jumuiya?”

“Nabishana na wewe, Mwenyekiti. Jumuiya haijanena.”

Nilimnywesha uji kwanza. Hasira yenye njaa haisikii. Kisha nikamuuliza ng'ombe wake wana nini pajani.

“Chapa. Herufi za wilaya, halafu za kijiji. Si unajua?”

“Na kabla ya hizo za serikali?”

“Tulikuwaga tunakata masikio. Kila ukoo na mkato wake.”

“Basi mlikuwa wachawi.”

“Acha utani, Mwalimu! Ng'ombe anawekwa alama asiibiwe.”

“Na sarafu iliwekwa alama ili fundi asiibe. Ikionekana nyepesi, wakubwa wanajua waende karakana ipi. Hiyo L iliyopinduliwa ni tatu ya Kigiriki.””

Aliitaka tena. Akaisogeza dirishani, akasugua ile herufi kwa ukucha.

“Kwa hiyo hili ni zizi la tatu.”

“La tatu.”

“Wewe mzee ni mkaidi.”

“Namshukuru Mungu kwa hilo pia.”

Hakuomba radhi, wala sikumdai. Jumamosi nilifundisha kama kawaida, sarafu ikazunguka. Ilipomfikia mama mmoja wa Rukuba, akasita. Sauti ya mwenyekiti ikatoka benchi la nyuma:

“Shika tu, mama. Hiyo ni chapa ya zizi.”