Brashi Nilizosuuza Mtoni

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka, na kila nikiikumbuka nacheka, kisha naona haya. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, mwezi wa Agosti, msimu wa tohara. Nilikuwa kijana wa Kitale, nachora mabango ya vinyozi na mahoteli, na kiburi nilichokuwa nacho, we acha tu.

Wazee wa kijiji kimoja kule Bungoma waliniita nichore ukuta wa kinu cha posho, ili watu wautunze mto wao. Nikachora samaki, nikachora ndege, chini nikaandika kwa herufi kubwa: TUNZA MTO. Nilisifiwa mpaka kichwa kikavimba. Basi nikashuka mtoni, nikasuuza brashi zangu, na rangi iliyobaki pamoja na tapentaini ya kuoshea brashi nikaimwaga palepale kwenye matope. Nyani haoni kundule.

Ng'ambo palikuwa na bibi mfinyanzi akichimba udongo. Wote tulimwita Kukhu, yaani nyanya. Aliyaona mafuta ya rangi yakielea, akavuka akaja. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Si ni wewe umechora samaki kule juu?"

"Ni mimi, Kukhu."

"Na huku chini unawaua?"

Akanieleza. Kesho kutwa alfajiri mjukuu wake angeoga pale na kupakwa tope lile, ndipo aende kutahiriwa. Baba wa kijana alipakwa hapo, na babu yake pia. Kwa hiyo hakuna aliyekata matete pale wala kufua nguo. Hata mlevi hakuthubutu kukojoa. Pamekaa safi miaka yote hiyo bila bango, na mwenye bango ndiye amekuja kupachafua.

Machozi yalinilenga. Nikajitetea, "Kukhu, maji yakimwagika hayazoleki."

"Maji, ndiyo. Matope yanazoleka. Leta jembe."

Ala! Nilizoa siku mbili, karai baada ya karai, nikayafukia mbali na mto. Kukhu aliketi ukingoni akinicheka, ati nachimba kama kuku. Lakini mchana aliniletea chai na viazi vitamu, nami nikampenda kama mama yangu.

Alfajiri ile mjukuu alirudi nyumbani na nyimbo, amepakwa tope kifuani. Kukhu akamsogelea, akanusa.

"Linanuka mto," akasema, akanishika mkono mbele ya watu wote.

Baadaye alinifundisha kutwanga udongo wake mwekundu na mweupe uwe rangi. Kwa rangi hiyo nikaongeza ukutani matete yale, pamoja na mahindi ya jirani mmoja aliyelima hadi majini. Kila aliyekuja kusaga akamtania, "Bana, shamba lako linaenda kuogelea?" Msimu wa kupanda uliofuata alirudisha shamba nyuma mwenyewe, akapanda matete ukingoni.

Basi sikia, mwanangu. Kabla hujawafundisha watu kuutunza mto, waulize wamekuwa wakiutunza vipi. Kuuliza si ujinga. Na ukikosea, usijifiche nyuma ya methali kama mimi. Ingia ukazoe ulichomwaga. Kukhu ametutoka, Mungu amlaze pema. Nawe akubariki, mikono yako isichoke kutengeneza, na akujalie mtu wa kukukemea na kukupenda siku hiyohiyo moja.