Saini za Meza ya Nne

Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna mtu aliyezaliwa, kuoa au kufa Potrero Yvate bila kupitia mikononi mwa Ña Saturnina Ovelar; Ña kwetu ni kama Bi. Kufa angeweza, hakuna aliyemzuia. Lakini mpaka Ña Saturnina aandike kitabuni, mtu huyo alihesabiwa kuwa amelala tu. Alikuwa karani wa vizazi, ndoa na vifo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye feni isiyozunguka, ubavuni mwa duka la chakula cha kuku, na humo ndimo alimojifunza elimu isiyofundishwa popote: kusoma saini. Jina hakulisoma. Alilifunika kwa kipande cha karatasi, akatazama mkono ulipoanzia, ulipokanyaga, ulipochoka. Aliweza kukwambia, "Huyu alisaini amesimama," au, "Huyu hakutaka kuoa." Mara ya pili aliposema hivyo, bwana harusi aliangua kilio mbele ya mashahidi.

Alizaliwa mwanachama wa Leso ya Kijani, kama sisi sote. Kwetu chama hakichaguliwi; mtu hukikuta nyumbani, kama pua ya babake. Mtoto hubatizwa Jumapili, na Jumatatu babu humbeba hadi tawini akaandikwe. Mtu akifa hutandikwa leso kifuani, na jeneza halifungwi mpaka mwenyekiti wa tawi aione kwa macho yake.

Hapo ndipo penye tatizo. Daftari letu la wanachama lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Fomu ya Kujivua Uanachama. Waliotunga kanuni mwaka 1911 hawakukifikiria kifo, au walikifikiria wakaona ni aina ya usaliti. Kwa hiyo ukifiwa, katibu wa tawi anakuletea fomu ileile wanayojaza waliohamia kwa wapinzani. Mjane gani atatia mkono kwamba mumewe amekihama chama, na maua bado mabichi kaburini? Hakuna hata mmoja aliyewahi. Ndiyo maana daftari lilikuwa na majina elfu moja mia mbili, katika mji ambao watu wazima wa vyama vyote, pamoja na padri, hawakufika mia tisa. Tulijivunia sana idadi hiyo.

Ña Saturnina naye aliletewa fomu mwaka 1991, alipofariki mumewe Ceferino, fundi wa matandiko ya farasi. Kifo alikiandika yeye mwenyewe, Kitabu cha Kumi na Nne, ukurasa wa themanini na nane, kwa sababu karani mwingine hakuwepo. Fomu aliirudisha tupu.

"Kufa amekufa," alimwambia katibu. "Kuhama hajahama."

Miaka sita baadaye, tulipiga kura za ndani kumchagua mwenyekiti wa tawi. Lisandro Cabañas, mwenye kinu cha kusaga mihogo, alimshinda mwalimu Nimia Galeano kwa kura kumi na moja. Nimia alikuwa komadre wa Ña Saturnina: alimshika mwanawe kwenye maji ya ubatizo, na udugu huo kwetu ni mzito kuliko wa damu, kwa kuwa damu hakuna aliyeichagua. Nimia hakukubali. Alipeleka malalamiko hadi mkutano mkuu wa chama kule mji mkuu, Asunción. Wajumbe mia tisa walijifungia siku mbili katika ukumbi wa mpira wa kikapu, wakatukanana, wakala, wakaimba wimbo wa chama mara nne, kisha wakaazimia kwamba kura za Potrero Yvate zikaguliwe. Mkaguzi atoke makao makuu. Mtambuzi wa saini atoke hapahapa. Pande zote mbili zilimtaja Ña Saturnina. Nimia alimtaja kwa sababu ni komadre wake. Lisandro alimtaja kwa sababu alijua hilo halitasaidia kitu.

Mkaguzi alikuwa Daktari Osmar Brítez. Hakuwahi kumtibu mtu. Alikuwa wakili, na mawakili wetu wote ni madaktari. Alifika siku ya upepo wa kaskazini, ule upepo wa moto unaowafanya mbwa wajing'ate mikia na ambao, wazee wanasema, hata hakimu alikuwa haketi kitini ukivuma. Walipanga madaftari ya meza za kupigia kura, yenye saini za waliopiga, juu ya meza ya tawi, wakaweka katikati chupa ya maji ya barafu na tereré, ile chai baridi ya kupokezana, wakaanza.

Meza ya kwanza, ya pili na ya tatu hazikuwa na neno. Meza ya nne ilikuwa na saini mia mbili na kumi na moja. Daktari alilinganisha majina na vitabu vya vifo, akitia alama kwa penseli nyekundu. Alipomaliza zilikuwa alama ishirini na tatu.

"Kazi nyepesi," alisema, akijipepea kwa kofia. "Mtu mmoja kakaa na kalamu moja akawasainia marehemu wote. Nionyeshe tu ule mkono, Ña Saturnina, tumalize kabla joto halijatumaliza sisi."

Ña Saturnina alichukua kipande chake cha karatasi. Alikwenda mstari kwa mstari. Saa nzima ilipita, upepo ukigonga madirisha ya bati.

"Si mtu mmoja," alisema hatimaye.

"Wako wawili?"

"Ishirini na watatu."

Daktari alicheka, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake.

"Huyu ni Epifania," alisema Ña Saturnina, akiweka kidole. "Alitumia mkono wa kushoto, kila mara alifuta wino kwa kiganja chake mwenyewe. Doa lile pale, unaliona. Huyu alisaini amekaa. Miguu ilimsumbua tangu zamani. Na huyu hapa alikuwa na haraka. Siku zote alikuwa na haraka, ndiyo sababu lile trekta lilimpata." Alifungua vitabu vyake vya zamani, akavilaza kando ya daftari. "Linganisha mwenyewe."

Daktari alilinganisha. Aliinua miwani, akaishusha, akaomba maji.

Mstari wa mia mbili na tano ulikuwa wa Ceferino Ovelar. Huo hakuufunika. Tereré ilizunguka mara mbili, na mara zote mbili aliipokea akaipitisha bila kunywa.

Saini ya Ceferino mji mzima uliijua. Ilikuwa kwenye kila tandiko, imechomwa kwa chuma. Lakini miezi minane kabla hajafa alipooza upande wa kulia, akaanza kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto kwenye meza ya jikoni, kila alasiri, kama mtoto wa darasa la kwanza. Herufi zilikuwa zikianguka kila moja juu ya mwenzake, kama uzio ulioliwa na mchwa. Saini hiyo ya pili aliiona mkewe peke yake, na karatasi zenyewe alizitia ndani ya jeneza. Saini iliyokuwa kwenye daftari ilikuwa hiyo ya pili. Isipokuwa sasa herufi zilisimama. Ilikuwa saini ya mtu ambaye kwa miaka sita hakuacha kufanya mazoezi.

"Amepata nafuu," alisema Ña Saturnina.

"Nani?" aliuliza Daktari.

Badala ya jibu, aliagiziwa Teodora Insfrán, muuza chipa, mikate midogo ya jibini, aliyesimamia meza ya nne siku ya kura. Alikuja na kikapu chake kichwani, akakitua mlangoni.

"Ilikuwa saa ya siesta, Daktari, mji umelala mchana, upepo kama huu. Foleni ikawa ndefu ghafla. Lakini foleni yenye adabu! Hakuna aliyesukuma, hakuna aliyeuliza meza yake ni ipi. Tukaambiana, leo watu wamelelewa."

"Nyuso zao hukuziangalia?"

"Kwa jua lile? Mimi nilipewa kazi ya wino. Niliangalia vidole."

"Na vidole vilikuwaje?"

"Vya baridi," alisema Teodora. "Nikamshukuru Mungu, kwa joto lile. Utanunua chipa au nimekuja bure?"

Daktari alinunua mbili, hakula hata moja. Alitoa karatasi ya taarifa ya ukaguzi. Ilikuwa na visanduku viwili kwa kila saini: Halisi, na Ya Kughushi. Chini palikuwa na nafasi ya jina la mtambuzi.

"Tuelewane, mama," alisema kwa upole. "Ukitia alama ya kughushi, meza ya nne inafutwa, mwalimu Galeano ndiye mwenyekiti, na makao makuu yanalala usingizi. Ukitia alama ya halisi, mimi nitaulizwa maswali nisiyoyaweza."

"Na mimi je?" alisema Ña Saturnina. "Nikisema ni ya kughushi, nitakuwa nimedanganya leo. Nikisema ni ya mume wangu, nilidanganya ukurasa wa themanini na nane. Miaka thelathini na mmoja jina langu liko chini ya kila mtu wa mji huu. Likiwa la uongo mara moja, nani ameolewa hapa? Nani amezaliwa?"

Daktari alifikiri. Alikuwa mtu mzuri, tena wakili; mambo hayo mawili yalishindana usoni pake. Mwishowe alichomoa kutoka mkobani Fomu ya Kujivua Uanachama.

"Hii basi, kwa huyo mmoja tu. Itie tarehe ya mwaka 1991. Mumeo akitoka daftarini, utaamua hao ishirini na wawili kwa moyo baridi. Nitarudi kesho baada ya siesta."

Nimia alikuwa amekwisha kufika nyumbani kwa Ña Saturnina kabla ya mwenye nyumba, amekaa barazani, miguu imetandazwa.

"Komadre, umekula?"

"Nimekula."

"Basi nisikilize na tumbo limeshiba. Wafu hawapigi kura."

"Najua. Niliwaandika mimi."

"Waandike tena basi! Alama moja tu! Yule msaga mihogo awe mwenyekiti kwa kura za makaburini, na kalamu unayo wewe?"

"Hazikughushiwa, Nimia."

"Nani kakuuliza kama zimeghushiwa? Mimi nakuuliza uko upande gani."

"Ya Ceferino nimeiona."

Nimia aliikunja miguu. Kisha akasema, na sauti ilikuwa imepungua, "Lakini Ceferino alinipenda mimi. Angenipigia mimi."

"Kura ni siri," alisema Ña Saturnina, akaingia ndani.

Yaliyotokea kesho yake aliyasimulia mara moja tu, mbele yetu tuliokuwa tawini, kwa sauti ileile aliyotumia kusomea watu uzito wa mtoto. Fomu ya kujivua inadai mikono miwili: wa anayetoka na wa shahidi. Ña Saturnina alitia wake mahali pa shahidi. Mahali pa anayetoka hakupagusa, kwa kuwa hakuwa yeye. Saa sita na nusu, mji ulipofunga milango na hata kuku walipoingia chini ya mikokoteni, aliiacha karatasi juu ya meza ya jikoni, kalamu ubavuni, upande wa kushoto. Alikwenda kulala kama kila mtu.

Alipoamka mlango ulikuwa na komeo lake. Upepo ulikuwa umekatika. Karatasi ilikuwa palepale. Mahali pa saini palikuwa patupu. Lakini juu yake, kwenye mstari unaouliza sababu za mwanachama kujitoa, palikuwa pameandikwa neno moja kwa herufi zilizosimama wima:

"Sina."

Alimkabidhi Daktari Brítez fomu hiyo. Daktari aliitazama muda mrefu, akaigeuza nyuma, akanusa wino. Aliikunja mara nne akaitia katika mfuko wa ndani wa koti. Ña Saturnina alivuta karatasi ya taarifa, akatia alama ishirini na tatu kwenye kisanduku cha Halisi, akaandika jina lake. Chini yake, ambapo hapakuwa na mstari wowote, aliongeza: "Na vifo vyao vilivyoandikwa katika vitabu vyangu navyo ni halisi. Nimeona yote mawili."

"Haiwezekani yote mawili," alisema Daktari.

"Sikuandika kwamba inawezekana."

Daktari aliondoka bila kula chakula cha mchana tulichomwandalia, jambo ambalo hakuna mkaguzi wa makao makuu aliyewahi kulifanya. Baada ya wiki tatu ilikuja barua yenye mihuri miwili. Kamati kuu ilipokea taarifa, ilithibitisha matokeo, ikalipongeza tawi la Potrero Yvate kwa mwitikio mkubwa wa wanachama wake wa siku nyingi. Lisandro aliitundika barua kinuni. Unga uliifanya ionekane ya kale.

Nimia hakumsemesha Ña Saturnina tena. Miaka tisa walikaa nyumba mbili zinazopakana, wakipishana asubuhi kila mmoja na thermosi yake, na Nimia akitazama miti. Watu walijaribu kuwapatanisha. Ña Saturnina alisema yeye hana ugomvi. Nimia alisema ana komadre mmoja tu na amekufa, na mwenzake aliposikia alisema kifo hicho hakikuandikwa mahali.

Kiliandikwa mwaka 2006, alipofariki kweli, na karani kijana ambaye mkono wake Ña Saturnina alikuwa akiudharau. Leso ilitandikwa. Mwanawe alikuja kutoka Buenos Aires, akaletewa fomu, akairudisha tupu, akapanda basi.

Mwaka uliofuata kura za ndani zilikuja tena, na Nimia, akiwa na miaka sabini na mbili, aligombea kwa mara ya mwisho. Alipita nyumba kwa nyumba. Jumamosi ya mwisho, saa ya siesta, wauza maua walimwona akiingia makaburini na mfuko wa vipeperushi. Alipita kaburi kwa kaburi, akiinama kwa shida, akiweka kila kipeperushi chini ya jiwe dogo kisipeperuke. Kwa Ña Saturnina alikaa karibu nusu saa. Waliokuwa getini wanasema alikuwa anaongea, tena kwa hasira, na mara mbili alinyamaza kama anayesubiri mwenzake amalize.

Alishinda kwa kura tisa. Lisandro alizitazama saini za meza ya nne, akalifunga daftari taratibu, na hakuomba ukaguzi.