Bi Choma na Sauti Iliyotundikwa Kwenye Mchicha

"Umemtundika mke wangu kwenye mchicha!"

"Shemeji, punguza sauti. Nimetundika sidii, sijatundika mtu."

"Sauti yake imo humo! Umemweka juani atishie ndege!"

Ni saa tatu asubuhi, na ugomvi huu unajiingiza wenyewe dukani kwa Bi Choma, chumba kimoja chenye kompyuta mbili, feni na pazia zito lisilofunguliwa mchana. Mbele ni mwalimu mstaafu, sidii ikining'inia kidoleni mwake kwa kamba. Nyuma ni jirani yake mshonaji, futi ya kupimia bado shingoni. Nyuma yao ni nusu ya mtaa, maana ugomvi wa bure haukosi watazamaji.

Bi Choma hainuki kitini. Jina hilo alipewa na mtaa baada ya miaka kumi na saba ya kuchoma sidii za harusi.

"Wageni huja wakinusanusa, wanaulizia nyama," anacheka. "Nawaambia ninachochoma mimi hakina moshi."

Siku hizi hachomi sana. Simu zimemnyang'anya harusi, kazi iliyobaki ni kuokoa za zamani. Kwa mwezi huletewa kama arobaini. Tisa au kumi haziokoleki tena.

Kisa chenyewe ni hiki. Mshonaji aliazima sidii ya harusi ya binti wa mwalimu ili aige mkato wa gauni la bibi harusi. Deki ikagoma kuisoma. Akadhani imekufa, akaitundika bustanini pamoja na nyingine tatu kufukuza ndege. Imepigwa jua wiki tatu. Na mke wa mwalimu, aliyefariki mwaka juzi, hakurekodiwa popote pengine.

"Ningejua, shemeji, ningeilaza kitandani kwangu, mimi nilale chini," anasema mshonaji. Hakuna anayecheka.

Bi Choma anaipokea kwa ncha za vidole, ukingoni, anaiinua kwenye taa.

"Watu hudhani sidii ni jiwe. Hii ya kuchoma ina rangi ndani, na mambo yenu yote yameandikwa kwenye rangi hiyo. Mshonaji, kitambaa chekundu ukikianika mwezi mzima kinakuwaje?"

"Kinapauka."

"Haya, umejijibu."

Mtu anauliza hudumu muda gani, basi. Bi Choma anajibu: "Ya bei rahisi, ikitupwa juu ya televisheni inayochemka, miaka mitatu, minne. Ikitunzwa, ishirini na zaidi. Kwenye pakiti wanaandika mia. Siku ya kuwauliza, watakuwa wameshakufa."

Anaitia kwenye kompyuta. Inazunguka, inakohoa, inanyamaza. Mwalimu anajikalisha kwenye benchi taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu.

Bi Choma anaitoa, anachungulia pale karibu na tundu la katikati.

"Mwalimu, huyu ni mtoto. Mama yuko wapi?"

Mwalimu anamkazia macho. "Mama tulimzika, Bi Choma. Ulikuwepo. Ulilia kuliko mimi."

Bi Choma anajiziba mdomo.

Katika kazi yake, sidii ya kwanza kuchomwa huitwa mama. Haichezwi, hutolewa tu inapohitajika nakala. Nakala ndizo watoto. Na karibu na tundu la hii, kwa kalamu yake laini, mwenyewe aliandika: mtoto wa pili.

"Mama nilimkabidhi mkeo mkononi," anasema. "Nikamwambia usimcheze, usimwazimishe. Msimamishe kwenye kasha gumu, gizani, pakavu, mbali na joto. Na yule mwanamke ukimwambia kitu, ameshika."

Mwalimu hajafungua upande wa kabati wa mkewe tangu msiba. Anatoka bila kuaga.

Wakati wa kumsubiri, Bi Choma anawasomesha waliobaki: msibandike karatasi juu ya sidii, msiandike kwa kalamu ya wino yenye ncha kali, mkifuta futeni kutoka tunduni kwenda ukingoni, si kuzungushazungusha kama mnasugua sufuria. Mshonaji yuko mlangoni, anakunja futi, anaikunjua.

Dakika ishirini. Mwalimu anarudi na kasha jeusi lililofungwa kwenye skafu.

"Lilikuwa limesimama," anasema. "Katikati ya mikoba yake. Wima, kama alivyoambiwa."

Sidii inaingia. Inazunguka bila kukohoa. Kwenye kioo unatokea ua uliojaa viti, na mwanamke mnene mwenye mwiko mkononi anawapigia kelele wageni: "Nyie mliosimama mlangoni mnamlinda nani? Ingieni mle!"

Mwalimu anacheka mpaka anavua miwani. Mshonaji anakaa chini sakafuni puu.

Bi Choma haachi jambo lipoe. Anamchoma mama mpya hapo hapo, na nakala nyingine kwenye flashi iende kwa binti. "Nyumba mbili. Maji yakiingia huku, kule kukavu. Na kila miaka mitano, mama azae upya." Kabla ya mvua anataka kupita nyumba kwa nyumba na kompyuta yake ya mkononi, kabati kwa kabati. "Akina mama wamelala humo mtaa mzima. Nikawaamshe."

Saa saba mchana, sebule ya mwalimu imefurika. Harusi inacheza, binti anapakua chakula, watoto wamekaa mpaka chini ya meza. Mshonaji amesimama kizingitini, viatu mkononi, hajui kama aingie au arudi kwake.

Mwalimu anageuka, sahani mkononi.

"Shemeji, na wewe hapo mlangoni unamlinda nani? Ingia ule."