Gunia la Kichuguu Nyuma ya Duka la Mama Ciku

Jumamosi, mwezi wa nne. Asubuhi ukungu, mchana jua kali, jioni mvua ya mawe, ambayo kama ingekuja mapema watu wangekuwa ndani kwao na mimi ningepata aibu kidogo.

Nimekasirika na sijui kama nitaandika vizuri, lakini acha niandike: leo nimemwita mtu asiye na kosa mwizi mbele ya wapangaji wa plot nzima, na kosa lilikuwa langu.

Yote ni kwa sababu ya uyoga. Sisi tuliotoka magharibi tukaja Eldoret tunakosa ule uyoga wa kichuguu (huu wa kuotesha kwa mifuko nimeujaribu, unaota vizuri, lakini kuula ni kama kutafuna sweta). Nilipoenda nyumbani nikamwambia Wekesa, mdogo wa mume wangu, anipe mbegu. Akacheka. "Shemeji, huo haupandwi na mtu. Mchwa ndio wanaupanda huko chini." Nikamwambia basi anipe mchwa. Naye akachimba, akanijazia gunia: udongo, ile kitu kama sponji ambapo uyoga hutokea, mchwa wenyewe, hata malkia mnene kama kidole gumba. Namlaumu sana Wekesa. Ila kusema haki, alinionya nisiweke karibu na mbao.

Sasa hapa mtaani kwetu Langas plot yote ni nyumba za mbao. Kivuli kizuri kiko mahali pamoja tu, nyuma ya duka la Mama Ciku, basi nikaliegemeza gunia hapo kwa ukuta, nikalifunika na majani, nikawa nalimwagia maji kila asubuhi nikijiona mkulima.

Leo nilikuwa dukani nikinunua chumvi, rafu ya unga ikaanguka yote. Pakiti zikapasuka, Mama Ciku akawa mweupe kichwa mpaka viatu, akaanza kulia, maana hilo duka ndilo linalisha watoto wake. Rafu aliitengeneza fundi Barasa, anayefanya kazi ng'ambo ya barabara. Akaitwa, akaja mbio na sanduku lake la vifaa akidhani ni kazi.

Watu wakamzunguka. Na nani alipiga kelele kuwashinda wote? Mimi. "Uliweka mbao zimeoza! Mwizi! Chukueni hiyo sanduku mpaka arudishe mali ya mama!" Wanaume wawili wakaishika kweli. Barasa, mzee mzima, akaing'ang'ania kwa mikono miwili. "Mama Faith, hiyo ndio shamba yangu. Mkichukua hiyo nitakula nini?"

Nikamjibu (naona haya kuandika), "Kula hizo mbao zako!"

Hapo kuku wa plot wakaingia. Mbao iliyovunjika ilikuwa inamwaga mchwa, wakadonoa sakafuni, wakadonoa ukutani, wakafuata kile kinjia cha udongo ambacho mchwa hujenga, wakatoka nje, wakazunguka nyuma, na sisi sote tukawafuata kama watu wanaofuata maiti, mpaka kwa gunia langu. Wakalirarua. Malkia akadondoka, jogoo akammeza.

"Mama Faith," Mama Ciku akasema polepole, "hiyo gunia si ni yako?"

Nilifikiria kusema sijui. Kweli nilifikiria. Lakini wale wanaume bado walikuwa wameshika sanduku la mzee.

"Ni yangu. Mrudishieni vitu vyake."

"Ati ulileta mchwa na basi?" mmoja akauliza. "Uliwakatia tikiti?"

Wakacheka wote, na hilo ndilo linanichoma, kwamba waliokuwa wanamnyang'anya mzee chakula chake sasa wanacheka kama hawakuwepo. Lakini ni nani aliwatuma? Barasa hakucheka. Alipangusa sanduku na mkono wa shati, akasema, "Haya, mama," akaenda zake, nami nikamwomba msamaha nikiongea na mgongo wake.

Sitaleta tena mchwa popote, na nikisikia mtu anaitwa mwizi nitafunga mdomo wangu. Nimempa Mama Ciku unga wangu uliokuwa mzima, nikabeba ule uliomwagika.

Ndio tumekula jioni, ugali na sukuma wiki. Unga nimeuchekecha mara tatu.

"Mama, iko na mchanga," Faith akasema.

Nikamwambia kula. Baba yake alitafuna tu, na kila mtu mezani alisikia mchanga ukisagika.