Umeme Uliporudi

Kiwandani walimwita Mama Spana, maana nati ya kumshinda ilikuwa haijatengenezwa. Miaka kumi na mmoja alikuwa fundi wa mashine ya kuponda mawe, na utani wake ulikuwa mwingi kuliko vumbi la pale.

Asubuhi moja umeme ulikatika, mashine ikasimama na mawe mdomoni. Msimamizi akasema huo ndio wasaa wa kubadilisha meno yaliyochakaa. Mama Spana akaingia tumboni mwa mashine, tochi kichwani, akaanza kulegeza bolti. Swichi kuu ilikuwa mikononi mwa shemeji yake, mdogo wa mumewe.

"Shem, umezima huko?"

"Umeme haupo, shem! Nizime nini tena?"

Akacheka. Kicheko hakijaisha, taa ya ukutani ikawaka.

Alijua kabla ya kusikia mngurumo. Mikono yenyewe ikadaka ukingo wa juu ikamvuta. Chini yake chuma kikaanza kusogea taratibu, kama ng'ombe anayecheua.

"Zima! Zima jamani!"

Mguu wa kulia ukatoka. Wa kushoto ukanaswa. Shemeji alipobonyeza kitufe chekundu, buti lilikuwa limeshatafunwa, pamoja na vidole vitatu.

Hospitalini, shemeji alikaa kando ya kitanda, uso chini.

"Nilidhani umeme hautarudi upesi."

"Na msimamizi alidhani umezima. Nami nikaingia bila kuhakikisha."

Jeraha lilipona, hofu ikahamia nyumbani. Jirani akiwasha cherehani ya umeme, kijasho chembamba kinamtoka. Friji ikinguruma, anajikuta keshasimama. Mumewe akamsihi aache kazi ile.

"Nikiiacha kwa woga, baba, woga utanifuata mpaka jikoni."

Siku ya kurudi, alikwenda mwenyewe kwenye swichi, akazima, akapiga kufuli, ufunguo akautia kifuani. Akabonyeza kitufe cha kuwashia, mara moja, mara mbili. Kimya.

"Siku hizi umekuwa mwoga," msimamizi akamtania.

"Tena sana. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nimeshalia."

Akapanda ngazi akichechemea. Kwenye mdomo wa mashine akasimama, akashika ukingo. Wenzake walimtazama, hakuna aliyemharakisha. Ilimchukua robo saa kuingia. Kazi yenyewe ilimchukua saa mbili, na muda wote huo alikuwa akitetemeka.