Kutafuta Wagiriki wa Misri Kule Kimbo

Nilitoka nyumbani Makongeni Jumamosi kwa sababu ya swali moja la msimamizi wangu wa uzamili: "Umenukuu vitabu vilivyonukuu vitabu. Wenyewe wako wapi?" Alitaka maandishi ya Wagiriki na Wamisri wa kale walioishi pamoja, na alitaka sura ya tasnifu iwe mezani pake Ijumaa. Nikikosa, ningengoja mwaka mwingine. Nilikuwa nimeshangoja miwili, na subira sijajaliwa.

Saa tatu asubuhi nilikuwa Kimbo, naulizia Mama Wairimu, mkutubi mstaafu niliyeelekezwa na mwalimu mwenzangu. Mwenye duka la vyakula vya kuku alikuna kichwa. Nilipomwambia alifanya kazi maktaba, uso ulimfunguka.

"Kumbe ni Madam Agnes unataka. Geti ya green hiyo."

Nilishukuru nikaenda, wala jina hilo la pili sikulifikiria tena.

Nyumbani kwake nilimkuta akichambua maharagwe barazani, nikamweleza shida yangu. "Karibu mwalimu. Kunywa chai kwanza, hao Wagiriki hawaendi mahali." Nilikunywa haraka hadi nikaungua ulimi. Kisha akaniletea kitabu kinene alichokiokoa maktaba ilipokuwa ikitupa vitabu vya zamani. Ndani mlikuwa na tafsiri za barua, mikataba na malalamiko yaliyoandikwa kwenye mafunjo, karatasi za kale za Misri. Nilifurahi mno.

Kufikia saa sita furaha ilikuwa imeniisha. Katika mkataba wa shamba, muuzaji alitajwa kwa jina la Kigiriki, halafu "aitwaye pia," halafu jina la Kimisri. Sura yangu yote ilisimama juu ya jedwali la majina: Wagiriki kushoto, Wamisri kulia, ushahidi kwamba walikaa mbalimbali. Huyu alikuwa kotekote.

"Mwandishi amekosea," nilisema. "Hawa ni ndugu wawili."

Mama Wairimu alinitazama juu ya miwani. "Wewe kwa ID ni nani?"

"Eunice."

"Na kwenu?"

"Nyambura. Nilipewa jina la cucu, nyanya yangu."

"Sasa nyinyi ni wangapi?"

Akarudia maharagwe yake. Niliona aibu, kisha nikacheka peke yangu. Kitabu alikataa kitoke getini, kwa hiyo nilipiga picha kurasa nilizohitaji.

Jioni, Makongeni, nilifuta jedwali. Kazi ya miezi minne, na iliniuma. Siku zilizofuata niliandika upya nikifuata mikataba yenyewe. Nilijifunza kwamba niliwatenganisha watu ambao hawakuwa wametengana, huku kitambulisho changu kikiwa mkobani.

Ijumaa nilituma sura iliyopungua nusu. Chini ya kichwa niliandika: Eunice, aitwaye pia Nyambura. Msimamizi, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiniita Eunice, alijibu kabla ya chakula cha mchana.

"Nyambura, sura imepita. Wenyewe nimewaona."