Siku Mama Alipouvuka Mtumbwi wa Rubisi

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Nyanga, niliuogopa mtumbwi kuliko simba, na mtumbwi wenyewe haukuwahi kufika ziwani. Lilikuwa gogo lililochimbwa, limelazwa migombani, ndimo wanaume walimokanyagia ndizi mbivu kwa nyasi ili kupata rubisi, pombe yetu. Sisi wa kike tulikata nyasi na kuchota maji. Kuuvuka mtumbwi, mwiko. Bibi, mama yake baba, hakuchoka kutuonya: "Mwanamke akiuvuka, pombe itaharibika na damu itamwagika humu ndani."

Siku moja baba aliacha kukanyaga, akaenda jikoni kuwasha kiko. Mdogo wangu Kamugisha, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akatumbukia kifudifudi kwenye maji ya ndizi. Nilipiga kelele. Mama akaja mbio, akaingia mtumbwini kwa miguu yote miwili, akamnyakua, akatokea upande wa pili.

Baba hakuuliza kama mtoto anapumua. Alichukua mpini wa jembe. Alimpiga mama mgongoni, kichwani, mkononi, naye kamkumbatia Kamugisha hamwachii. Nilisikia mfupa ukivunjika.

"Tata, waitu, utamuua!" nilimlilia baba, nimepiga magoti nikimsihi. Akanisukuma kwa teke. Damu ya mama ilichuruzika mpaka kwenye nyasi. Bibi akatokeza mlangoni.

"Nilisema mimi," akasema.

Kwa miaka mingi niliamini bibi alitabiri. Nani angembishia? Damu si ile? Ila pombe haikuharibika. Iliiva vizuri, wazee wakaisifu, na mama akawapelekea vibuyu kwa mkono mmoja, wa pili umefungwa. Hapo ndipo hasira yangu ilipo hadi leo.

Juzi Kamugisha, sasa baba wa watu mwenye kibanja chake cha migomba Muleba, alikuwa akikanyaga rubisi ya harusi. Binti yake mdogo akauruka mtumbwi, akarudi, akauruka tena huku anacheka. Mama, tuliyeketi naye, akanikamata kwa ule mkono wake uliopinda.

"Mwache acheze, mama," nikamwambia. " Siku hizi hata mimi nakanyaga."

Hakunisikia. Hakuwa akimtazama mtoto wala mtumbwi. Alikuwa akiitazama mikono ya mwanawe.

Kamugisha alimnyanyua binti yake, akamtia mtumbwini, akamwambia, "Haya, mama, kanyaga kwa nguvu."

Mama akaniachia, taratibu mno. Simlaumu. Mwiko tumeuvunja sisi, lakini mfupa uliovunjika ulikuwa wake.